Baba, Mama, Dada, Shangazi: Kodiani Yangu na Wimbo wa Mzee Lefteris

Ashukuriwe Mungu, aliyewapa ndege sauti bila kuwauliza kama wamesomea. Ashukuriwe kwa pumzi iliyomo kifuani mwangu na kwa pumzi iliyomo ndani ya kodiani, maana zote mbili ni zake, na siku hizi zote mbili zinavuja kidogo. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kwaya ya kule mlimani Kilimanjaro akanileta Brussels kati ya wazee wasionijua, akawapa wao subira ya kunisikiliza. Jina lake litukuzwe.

Nimestaafu tangu msimu wa baridi uliopita. Nyinyi wenzangu mliobaki pale kwenye nyumba ya wazee, Evere, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza katika kazi ya kuwapigia wazee muziki. Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu sikupata, na za mshahara hazina haja, kwa sababu mnaujua. Nitaandika jinsi kazi ilivyoanza, kisha jinsi Mzee Lefteris alivyonifundisha kwa sapatu mambo ambayo chuo cha Biblia hakikuweza kunifundisha kwa vitabu.

Nilikuja Ubelgiji nikiwa mume wa mtu. Mke wangu, Mama Neema, alipata kazi ya upishi kwa familia ya mwanadiplomasia, nami nikamfuata na koti lisiloiweza baridi na cheti cha uinjilisti ambacho hakuna ofisi iliyojua ikiweke wapi. Pale nyumba ya wazee walinipa kazi ya kupiga deki korido. Nilipiga deki huku nikiimba besi, maana deki bila wimbo ni adhabu. Siku moja mlango ukafunguka, akatoka Monsieur Armand, mzaliwa wa hapahapa Brussels, ambaye kila Alhamisi alikuwa akiwapigia wazee kodiani. Akaniuliza kama najua kusoma muziki. Nikasema najua. Kumbe hatukuwa tunazungumzia kitu kimoja.

Kwetu kwayani tulisoma nota za herufi: d ni do, r ni re, m ni mi, na mapigo yanatenganishwa kwa nukta mbilimbili. Mwalimu anaandika ubaoni kwa chaki, watu wanaimba. Nota za mistari, zile zinazokaa kama mbayuwayu juu ya nyaya za umeme, nilizijua kama mtu anavyowajua wakwe zake: nazitambua, naziheshimu, sikai nazo muda mrefu. Monsieur Armand aliponipa karatasi niliomba nilale nayo. Nyumbani nikahesabu mistari kwa kidole, nikaigeuza yote kuwa herufi. Kesho yake nikamwonyesha. Akaivaa miwani, akaivua, akasema karatasi yangu inafanana na namba za magari. Lakini nilipoimba kutoka kwenye zile namba za magari, alinivika kodiani yake begani palepale.

Kodiani ni mnyama mwenye tabia zake. Ukiivuta kwa pupa inakupigia kelele, na ukiinama huku inafunga mivukuto, inakamata ndevu. Siku yangu ya kwanza niliinama. Wazee wa Evere walicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kama kuna aliyepaliwa. Monsieur Armand akaniambia nimeanza vizuri, kwa kuwa yeye alichukua mwaka mzima kuwachekesha. Nilinyoa ndevu jioni ile, na hadi leo Mama Neema anasema hiyo ndiyo faida ya kwanza ya muziki wa Ulaya.

Mwalimu huyo, apumzike kwa amani, alinifundisha mambo ambayo nawaachieni na nyinyi. Alisema tazama miguu, usitazame nyuso, kwa sababu uso wa mzee unaweza kukudanganya kwa adabu, lakini mguu haujui adabu. Alisema piga nyimbo za ujana wao, si za ujana wako. Tena alisema kitu chochote kikianguka ukumbini, kiwe sahani au mtu, wewe endelea kupiga mpaka uambiwe, maana anayenyamaza ndiye watu watakayemdhani amekiangusha. Mimi naongeza moja: vile vifaa vya masikio hupiga mluzi ukivikaribia na sauti za juu. Ukisikia mluzi, usidhani unashangiliwa.

Basi nikapokea Alhamisi za Monsieur Armand. Nilijifunza nyimbo za Wabelgiji wa Kifaransa na za wale wa Kiflemi, nikipima zilingane kwa dakika ili kusiwe na vita. Nikajifunza za Waitaliano, kisha za Wareno. Kila wimbo niliugeuza kuwa herufi, nikauandika kwenye kadi kubwa, nikaibandika mgongoni mwa kiti kilicho mbele yangu. Nilidhani nimewamaliza wote. Hapo ndipo akaletwa Mzee Lefteris.

Alikuwa Mgiriki wa visiwani. Alikuja Ubelgiji akiwa kijana, akafanya kazi kwenye migodi ya makaa, halafu akawa fundi bomba hapa jijini. Mkewe alikuwa amefariki, na magoti yake hayakuweza tena ngazi za nyumba yao ya Saint-Gilles. Binti yake, Eleni, aliishi Koekelberg kwenye chumba kimoja, akifanya kazi ya kuuza mikate, na kila siku alivuka jiji kuja kumwona. Mzee alikuwa hatoki chumbani. Chakula alitaka aletewe, na aliyekileta alipokelewa kwa sapatu.

"Papa Eli!" Maman Bea alinijia siku moja koridoni, trei mkononi na supu begani. Maman Bea ni mhudumu wetu kutoka Bukavu, mnamjua. Sauti yake hufika kabla ya lifti. "Ule muzee ananitupia tena pantoufle! Alors, minamuambia, Papa, ukuje kukula na batu. Anasema, kula wewe! Bon, mi niko na batoto nyumbani, sitaki kufa na kiatu."

"Amekupata?"

"Anipate wapi? Amepiga supu."

Tulicheka, lakini hakikuwa kicheko tu. Mkurugenzi alikuwa amemwita Eleni ofisini. Alimweleza kwa upole, kama watu wanavyoeleza jambo waliloliamua tayari, kwamba nyumba yetu ni ya wazee wanaoweza kukaa na wenzao. Kama baba yake hatakubali kushuka ukumbini na kula mezani kama wengine, baada ya sikukuu ya familia atahamishiwa nyumba nyingine ya watu wasiotulia, nje kabisa ya jiji. Eleni hakuwa na gari. Nilimkuta mbele ya lifti akibonyeza kitufe ambacho kilikuwa kimeshawaka, anabonyeza tu. Akaniambia, "Huko nitamwona Jumapili moja moja. Atakufa akidhani nimemtupa."

Nikajisemea, Bwana, mimi si nilisoma Kigiriki? Chuoni tulifundishwa kile cha Injili, na mimi nilikipenda. Nilikuwa nikitafuna vitenzi vyake kama wengine wanavyotafuna miwa. Alhamisi ile nikavaa suti yangu nyeusi ya kazi na shati jeupe, nikaenda chumbani kwa mzee, nikasimama wima mlangoni, nikamtakia neema na amani kwa Kigiriki cha mitume, kwa sauti ya besi.

Mzee Lefteris alinitazama kuanzia viatu kupanda juu. Kisha akaniuliza kwa Kifaransa, taratibu, "Nani amekuambia nakufa?"

"Hakuna, mzee."

"Basi kwa nini umekuja kunizika?"

Ndipo nikafahamu. Maneno yale yeye aliyasikia kanisani tu, kinywani mwa padri, na hapa mbele yake alisimama mtu mwenye suti nyeusi. Nilijaribu kueleza kwamba mimi ni mwinjilisti tu, tena wa Kilutheri, tena mpiga kodiani. Kwa maelezo hayo nilizidi kuharibu. Sapatu ya kushoto ilinipata begani. Nilipofika koridoni nilimsikia akimpigia binti yake simu: "Eleni! Wameniletea padri! Mweusi, mrefu, na anaongea kama aliyefufuka jana kutoka enzi za mitume!"

Eleni alipofika jioni alikuwa anacheka huku anafuta machozi, akanishika mikono yote miwili. Alisema tangu mama yake azikwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza baba yake kumpigia simu kumsimulia jambo. Nikarudi naye chumbani na sapatu mkononi, nikaiweka karibu na mwenzake. Mzee akaninyooshea kidole.

"Padri," akasema, na tangu siku ile hakuniita jina jingine, "mimi nasikia kutoka humu. Unawapigia Waitaliano. Unawapigia Wareno. Unawapigia hata Waflemi, ambao hawakukuomba. Mgiriki je? Mgiriki amekosa nini?"

"Sina nyimbo zenu, mzee. Ukinitajia mmoja nitautafuta."

Akauvumisha mmoja puani. Ulikuwa wimbo mzito, unaokwenda kama mtu aliyebeba kabati peke yake. Eleni alininong'oneza kwamba huo ndio baba yake alikuwa akiuagiza kila walipokwenda kwenye mgahawa, akaucheza, na mama yake akamtazama. Hakuucheza tena tangu mama alipolala.

"Upige huo," mzee akasema, "nami nitashuka. Mwingine, sishuki. Na usiniletee zile za watalii."

Ndugu zangu, sasa sikilizeni namna wimbo unavyotafutwa. Nilianza duka la vitabu vya muziki katikati ya jiji. Walikuwa na kitabu kimoja cha nyimbo za Wagiriki, chenye picha ya bahari, na kila wimbo ndani yake ulikuwa wa watalii. Nikaenda soko la vitu vya zamani la Jeu de Balle, nikapekua masanduku ya karatasi huku mwenye meza akinitazama kama ninayetafuta hati za nyumba yake. Nikapata nyimbo za maandamano, nyimbo za kulaza watoto na mapishi ya sungura. Kwenye mtandao nilipata karatasi nyingi, na kwa elimu yangu ya chuo niliweza kusoma vichwa vyake vyote kwa sauti. Tatizo ni kwamba maneno niliyoyajua ni ya samaki, mikate, nyavu na toba. Nyimbo zile zilihusu mambo mengine.

Siku ya Jumapili mchana, baada ya ibada yetu, nilikwenda kanisa la Waorthodoksi, nikamwomba mwimbaji mkuu anionyeshe nota zao. Alinifungulia kitabu kwa heshima kubwa. Hapakuwa na herufi zangu wala mistari ya Monsieur Armand. Palikuwa na alama ndogo ndogo nyeusi, kama sisimizi waliotawanyika baada ya kumwagiwa maji. Nilimshukuru. Njiani nilimshukuru na Mungu pia, kwamba wakwe zangu ni wale wa mistari mitano tu.

Mwisho nilifika kwenye mgahawa mmoja wa Kigiriki karibu na stesheni ya Midi, ambako Mihalis, mtu mnene mwenye vidole vyembamba, alikuwa akipiga buzuki, lile gitaa lao la shingo ndefu. Nikamvumishia wimbo wa mzee. Aliacha kufuta meza.

"Nani anaucheza huu?"

"Mzee wetu mmoja, Lefteris. Alikuwa fundi bomba."

"Lefteris wa mabomba? Yu hai?" Akapiga kelele jikoni kwa Kigiriki, na jikoni wakajibu kwa kugonga sufuria. Nilimweleza habari ya ukumbi na nyumba ya mbali. Mihalis akasema nota zake zipo, yeye mwenyewe alizipata kwa mwalimu wake. Akatafuta juu ya kabati, chini ya pipa, nyuma ya friji. Zilipatikana zimekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza ya pembeni, kuizuia isiyumbe. Katikati palikuwa na doa la mafuta ya zeituni lililofunika mstari mzima. Tulipozichomoa, meza ikaanza kuyumba, na mteja aliyekuwa ameketi hapo akamwaga mvinyo. Nikamkumbuka Monsieur Armand, nikaendelea kuvumisha.

Nyumbani nikakaa na karatasi ile, kidole kikihesabu mistari. Nikakuta kasoro mbili. Ya kwanza, re ilikuwa imeshushwa na mi imeachwa juu, hivi kwamba kati yake palikuwa na pengo la kumfanya mwimba soprano atumbukie. Mimi nimefundisha kwaya. Nakala mbovu nazijua. Nikaisahihisha. Ya pili, kila kipimo kilikuwa na mapigo tisa. Nikasema aliyenakili alikuwa anahesabu huku anakula, nikaondoa pigo moja moja ili yabaki manane, yakae vizuri. Mstari wa doa nikaujaza kwa akili zangu. Nilipomaliza nilipiga, na wimbo ukatoka mtulivu, msafi, wenye adabu.

Nilimpelekea mzee chumbani. Alisikiliza macho amefumba mpaka mwisho. Niliutazama mguu wake kama nilivyofundishwa. Haukutikisika.

"Padri," akasema, "umeubatiza."

"Mzee?"

"Huu ni wimbo wa mtu aliyekaa baa, mke kamfungia mlango, hana pa kwenda. Wewe umemwogesha, umemchana nywele, umempeleka kwenye Komunyo. Mrudishie dhambi zake!"

Sapatu haikuja. Nadhani alinihurumia, na hilo liliniuma zaidi.

Nikarudi kwa Mihalis. Kwanza alicheka, halafu akanikalisha. Akaniambia re iliyoshushwa ndiyo roho ya wimbo, na mapigo ni tisa kweli, si makosa: mawili, mawili, mawili, kisha matatu. Akaniambia nihesabu. Nilihesabu kwa Kifaransa nikapotea. Nikahesabu kwa Kigiriki cha mitume, Mihalis akaniomba nisirudie. Nyumbani, nikifanya mazoezi, Mama Neema naye alikuwa na malalamiko yake.

"Baba Neema, wimbo huu unachechemea."

"Ndivyo ulivyo."

"Basi upeleke kwa daktari. Ukifika mwishoni mimi huku nimeshainua mwiko kukoroga, nakuta bado hujamaliza. Ni kama familia yako siku ya harusi: baba kafika, mama kafika, dada kafika, tunataka kuanza, shangazi bado yuko njiani."

Nikaacha kupiga. Ba-ba, ma-ma, da-da, sha-nga-zi. Mawili, mawili, mawili, matatu. Nilimbusu mke wangu kwenye paji la uso, mwiko ukiwa bado hewani. Kuanzia hapo sikuhesabu tena. Nilikuwa nawapokea tu ndugu zangu mlangoni mmoja mmoja, na shangazi nikamsubiri, maana shangazi huchelewa lakini hufika, na bila yeye hakuna harusi. Kwa habari ya ile re, niliomba kwanza. Nilimwambia Mungu kwamba mimi ni mwinjilisti, na kwamba dhambi iliyomo kwenye ile nota ni ya mtu mwingine, mimi naibeba tu mpaka Evere. Sikusikia katazo.

Nilipopiga tena chumbani, kisigino cha Mzee Lefteris kilishuka sakafuni pamoja na shangazi. Alinyoosha mkono kwa Eleni, akasema, "Suruali yangu nyeusi iko wapi?"

Kisha akanionya. "Nikiinuka mimi, asiinuke mtu mwingine. Waambie. Nitacheza peke yangu."

Hapa, wenzangu, sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo tulipokosea kama watu wa kwetu tu wanavyoweza kukosea. Kwetu mzee akisema "msijisumbue kwa ajili yangu", maana yake andaeni mbuzi. Mzee akisema atacheza peke yake, huo ni unyenyekevu, na ni aibu kubwa kumwacha peke yake kweli. Nilimpelekea Maman Bea ujumbe kama nilivyouelewa: "Mzee amesema watu wasisumbuke, atacheza mwenyewe."

"Masikini," Maman Bea akasema, mkono kifuani. "Anaona haya. Usiogope, Papa Eli. Hatutamuacha."

Siku ya sikukuu ya familia ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alisimama karibu na meza ya keki. Mihalis alikuja na buzuki lake na nusu ya jikoni. Mzee Lefteris alishuka na lifti akiwa na suruali nyeusi na kile kigari chake cha kutembelea, ukumbi wote ukageuka kumtazama, kwa sababu wengi walikuwa wanaijua sapatu bila kumjua mwenyewe. Akanipa ishara kwa kidevu. Nikavuta mivukuto. Baba akaingia, mama akaingia, dada akaingia, shangazi akafika.

Mzee akakisukuma kigari pembeni. Eleni akainuka nusu, akakaa tena. Mzee alifungua mikono kama anayepima upana wa mlango, akaanza kuzunguka polepole, macho sakafuni, kama mtu aliyedondosha pete. Magoti yale yaliyokataa ngazi za Saint-Gilles yalikuwa yanajipinda kidogo, yanarudi. Sijawahi kuona mtu anayejitikisa kidogo hivyo akajaza ukumbi mzima. Nilisahau kuhesabu, na shangazi akafika mwenyewe.

Ndipo kikapasuka kigelegele.

Maman Bea aliingia uwanjani na taulo, nyuma yake wahudumu wenzake wote wa Kongo na Burundi waliokuwa zamu, wanapunga, wanatikisa viuno, mmoja anampepea mzee kwa menyu ya siku. "Cheza, Papa, cheza! Hatukuachi!" Maman Bea akatoa noti ya euro tano kwenye sidiria, akailamba, akambandika mzee kwenye paji la uso. "Tunakutuza, Papa!"

Niliwaona Wagiriki. Eleni alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Mihalis alikuwa mweupe kama jibini lake. Baadaye alinieleza kwamba mtu akiuagiza wimbo ule ni wake peke yake, na kwamba zamani, kwa kuingia uwanjani kwa mwenzako, watu walitoleana visu. Wakati ule sikujua hilo, lakini niliona mzee ameacha kucheza, amesimama tu. Mikono yake ilishuka. Nilimwona mkurugenzi akiweka sahani yake ya keki chini. Nikaona nyumba ile ya mbali, na Eleni kwenye basi la Jumapili. Vidole vyangu vilitaka kunyamaza, na kitu pekee kilichovizuia ni Monsieur Armand. Nikapokea baba, nikapokea mama.

Mzee Lefteris aliibandua noti kwenye paji lake. Akaitazama upande huu na upande ule. Akamtazama Maman Bea, ambaye sasa taulo lilikuwa limemganda mkononi.

"Madame," akasema, "huko kwenu mnamlipa anayecheza?"

"Eh, oui, Papa... kama amecheza muzuri."

"Kwetu anayecheza halipwi. Anayecheza ana shida zake. Kwetu analipwa mpigaji." Akaja kwangu kwa miguu yake mwenyewe, bila kigari, akaitemea noti mate kidogo, akanibandika mimi katikati ya paji. Mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya kodiani. Sikuwa na la kufanya. "Padri, tangu mwanzo! Na hawa wamama, wapige magoti."

Eleni alikuwa ameshafika, analia na kucheka, anawaonyesha: marafiki wa mchezaji hupiga goti kumzunguka, wanampigia makofi, hawaingii.

"Kupiga magoti?" Maman Bea akashuka chini kama jengo linaloteremshwa kwa kamba. "Bon! Kama ni magoti tu, mungesema. Tunayapiga kila dimanche kanisani!"

Wakakaa duara, wakapiga makofi, nami nikawaitia kwa sauti, baba, mama, dada, shangazi, mpaka wakaushika. Wazee wa Kiflemi wakaushika pia, bila kujua wanamwita shangazi ya nani. Mzee Lefteris alicheza wimbo wote, pamoja na ule mstari wa doa la mafuta, ambao Mihalis alinipigia kutoka alikokuwa amesimama, kwa sababu hata baada ya masomo yote sikuwa nimeupata sawasawa. Alipomaliza hakuinama wala kutabasamu. Aliuliza chakula kiko wapi. Akakaa mezani kati ya Maman Bea na mama mmoja wa Kireno, akaonja supu, akasema imepoa, akaimaliza. Mkurugenzi alikuja mwenyewe kumwongezea mkate. Habari ya nyumba ya mbali haikutajwa tena, na mimi nilikula chakula chote na euro tano usoni, kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Mzee Lefteris bado yuko pale, ghorofa ya kwanza, na nyinyi mnamjua kama mzee anayekosoa supu mezani kila siku. Siku niliyokabidhi kodiani aliniita chumbani, akanipa kifurushi cha gazeti. Ndani ilikuwa sapatu ya kushoto, ya kale, soli imeisha.

"Ya kulia nabaki nayo," akasema, "kwa ajili ya huyo atakayekuja. Hii mpe Mama Neema. Ukianza kubatiza nyimbo huko nyumbani, anajua la kufanya."

Mama Neema ameitundika kwenye msumari jikoni, karibu na mwiko. Ameitumia mara moja, na alikuwa na haki.

Nawe usomaye, Mungu akupe kazi inayokuchekesha na wenzako watakaokosea pamoja nawe kwa upendo. Akupe mtu wa kukuambia kweli, na amjalie shabaha mbaya. Na lile jambo unalolingoja, ambalo baba amefika, mama amefika, dada amefika na lenyewe bado liko njiani, Bwana alifikishe mlangoni kwako kwa wakati wake, likukute bado unapiga. Amina.